Alama Kwenye Kitako cha Bunduki

Mwaka 2015, majani yalipoanza kupukutika, nilimrudisha baba Buffalo kwa gari langu. Alikuwa amekuja Louisville kumwombea mtoto wangu mchanga, akakaa kwangu South End wiki nzima, akilala kwenye kochi na kuwakemea vijana wa jirani kwa Kiswahili kupitia dirishani. Kwa safari ile ya kutwa nzima alivaa suti na tai na kuweka Biblia mapajani, kana kwamba barabara kuu nayo ina wazee wa kanisa wa kumkagua.

Mama alikuwa amenituma. Alinipigia simu baba akiwa bafuni, akanong'ona: "Mukiwa mbili mu gari, umuambie juu ya matanga. Mi nimechoka."

Matanga yenyewe yalikuwa ya kaka yangu mkubwa. Aliuawa kwenye milima ya juu ya Uvira, kwetu Kongo, akiwa na vijana waliojiita walinzi wa kijiji, na akazikwa hukohuko. Mara ya mwisho alipokuja nyumbani alikuwa na bunduki, na kwenye kitako chake cha mbao alikuwa amechonga alama. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alipoziona alama zile, alichokiona ni kazi ya mganga. Akamwambia kaka aitoe bunduki nje, na yeye mwenyewe atoke nayo. Kaka akatoka. Habari iliyofuata ilikuwa ya kifo chake.

Tangu siku hiyo baba alikata kauli kwamba hatamwombolezea mtu aliyejikabidhi kwa waganga. Tulikimbia, tukaishi kambini, tukaletwa Marekani, na jina la kaka halikutajwa mezani. Huko Buffalo mama alipika sombe, majani yetu ya muhogo, kwenye matanga ya nusu ya mtaa wa West Side, akalia misiba ya watu, kisha akarudi nyumbani na masufuria yake, msiba wake mwenyewe ukimkaa kifuani.

Basi mimi ndiye nilitakiwa kumshawishi mzee yule. Kutoka Louisville hadi Columbus nilifungua mdomo mara kadhaa, na kila mara nikaishia kumuuliza kama anasikia baridi. Mvua ilikuwa kubwa. Nikatoka barabara kuu kutia mafuta, jirani na mitaa ya chuo kikuu, na kando ya kituo cha mafuta kulikuwa na duka la vitu vya kale. Baba aliona viti dirishani. Kabla ya vita alikuwa seremala, na mpaka leo hawezi kupita kiti cha mbao bila kukipindua na kukagua viungo vyake.

"Bon, tuingie kidogo," akasema.

Alipindua viti vitatu vinne, akaguna. Halafu akasimama mbele ya kabati la kioo. Ndani kulikuwa na bunduki fupi, kuukuu, mbao zake zimekuwa nyeusi kwa kushikwashikwa. Mwenye duka, mzee mwenye sweta lililotoboka viwiko, alitufungulia na kuilaza juu ya kitambaa. Alisema ilikuwa ya mpiganaji wa Kisioux, wenyeji wa nchi hii kabla ya wazungu, watu wa mbuga za magharibi. Kwenye kitako palipigiliwa misumari ya shaba ya njano, imepangwa msalaba. Pembeni yake palichongwa safu ya vitone, nyayo za farasi, na mstari mmoja uliopindapinda.

Uso wa baba ukachangamka. "Kumbe alikuwa Mukristo!"

Nilimtafsiria mwenye duka. Akatikisa kichwa. Ule haukuwa msalaba wa kanisa, alisema. Zilikuwa pepo nne, pande zote ambako mtu anaelekeza maombi yake. Vitone ni mvua ya mawe, ili amshukie adui kama mvua hiyo. Ningeweza kumwachia baba msalaba wake, tungefika salama. Lakini nilikuwa nimechoka kumbembeleza. Nikamtafsiria yote, neno kwa neno, nikangoja ghadhabu.

Hakukasirika. Aliweka kidole kwenye ule mstari. "Na huu?"

Mwenye duka alisema hakuna anayejua. Mpiganaji alikwenda peke yake, akafunga bila kula, akaomba mpaka akaoteshwa kitu. Alichooteshwa alikichonga. Wengine waliwaeleza watu wao maana yake, wengine hawakueleza, na mwenyewe akifa alama inabaki hivyo.

Baba aliipindua bunduki kama anavyopindua viti, mwenye duka akashtuka na kunyoosha mikono. Baba hakumwona. "Kisu kidogo," akaniambia. "Ona, hakurudia. Hakuharakisha huyu." Akairudisha kwenye kitambaa. Kisha: "Muulize kama huyu mutu alikuwaka na baba."

Niliona haya, lakini niliuliza. Mwenye duka alianza kucheka, akamtazama baba usoni, akaacha. Akasema anadhani alikuwa naye, ila hajui lolote juu yake.

Tulirudi garini. Tulikwenda mwendo mrefu, mvua ikapungua. Halafu baba akalegeza tai. Sikuwahi kumwona akilegeza tai safarini.

"Ule mutoto," akasema, "mi njo nilimufundisha kushika kisu."

Akalia. Alilia kwa sauti, kiganja juu ya Biblia, na mimi nikaendesha. Nilimwonea huruma, na nilikuwa na hasira naye, vyote kwa pamoja, na sikutaka kuficha hata kimoja.

"Mama yako anataka matanga," akasema baadaye.

"Anataka."

"Na weye?"

"Nataka kumulilia kaka yangu mbele ya batu, papa."

Tulifika Buffalo giza limeingia. Nyumba yao ni ya mbao, ngazi zake zinalia, kwa hiyo mama alitufungulia kabla hatujagonga. Baba hakuvua hata koti.

"Zile alama za mutoto," akamwambia, "ulimuulizaka ni za nini?"

Mama alinitazama, kisha akamtazama yeye. Alikuwa na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Nilimuuliza."

"Akasema nini?"

"Alisema, papa akiniuliza, nitamuambia yeye mwenyewe."

Baba akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango. Mama alikwenda jikoni, akarudi na chai, akaiweka karibu naye, na baba akasema matanga yawe Jumamosi.

Nilipiga simu ghalani ninakofanya kazi, nikaomba siku. Jumamosi hiyo watu walijaa mpaka kwenye ngazi, na safari hii sombe ilipikwa na wanawake wengine, mama ameketi. Zamu ya baba ya kuomba ilipofika, alisimama, akafumba macho. Tukainamisha vichwa. Akamwita kaka kwa jina lake, jina ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu Uvira.

"Mwana wangu," akasema, "zile alama ulizichongaka, ni za nini?"

Akabaki amesimama, akisubiri ajibiwe.