Mwiko Wangu Sikioni kwa Pantaleo

Mafundi wengine wa Kariakoo walifungua gari kwa spana. Pantaleo alilifungua kwa sikio. Alikuwa kijana wa Ndanda, mrefu, mpole, macho yamejaa usingizi mchana kutwa, na kazi yake aliifanyia ubavuni mwa kibanda changu cha uji, Mtaa wa Sikukuu. Ukimletea gari linalopiga kelele, hagusi kitu. Anakuja kwangu kwanza.

"Shikamoo, Mama Mboni. Naomba mwiko."

"Marahaba. Ukiurudisha uuoshe. Jana wateja wangu walikunywa uji wa grisi."

Ncha moja ya mwiko anaiegemeza kwenye chuma cha injini, ncha nyingine sikioni, kisha anafumba macho. Ungedhani amelala, kumbe sauti inampandia kupitia ule mti. Siku moja, akiwa palepale kibandani, alisikia beringi inakwaruza ndani ya meli iliyotia nanga kule Kivukoni. Anayebisha na abishe, mwiko bado ninao.

Basi mwaka wa themanini na tatu ukaja ule msako wa watu wasio na kazi inayotambulika. Huna kitambulisho cha kazi, unapandishwa lori, unarudishwa kijijini ukalime. Pantaleo hakuwa nacho. Kucha zake zilikuwa nyeusi kuliko sufuria zangu, lakini nani atasoma kucha? Tukasikia wakaguzi watapita mtaani kwetu Jumatatu.

Jumapili, baada ya kanisa, akaja Mzee Eliakimu, Mchaga wa Marangu, mwenyekiti wa ushirika wa mafundi, na gari lake, Pijo nyeupe.

"Ndugu Pantaleo, mafundi wangu wote wameshindwa. Nikitoka nyumbani inakwenda vizuri. Nikifika Mnazi Mmoja nakanyaga mafuta, haichanganyi, mwendo haupandi. Inakohoa, inazima. Nikiiacha ipumzike, inawaka kama si yenyewe."

"Wamefanya nini?"

"Kabureta wamesafisha mara tatu. Plagi mpya. Pampu ya mafuta mpya, na unajua shida ya kuipata. Iponye, kesho nakuandikisha kwenye ushirika, unapata kitambulisho. Ukishindwa, sina la kuwaambia wale watu wa lori."

Tukapanda. Mimi nikakaa nyuma na mwiko wangu.

"Mama, na wewe ni fundi?" akauliza Mzee Eliakimu.

"Mimi ni mwenye kifaa. Endesha."

Tulipofika Mnazi Mmoja, Pijo ikakohoa mara mbili, ikasimama. Ilikuwa saa saba na nusu. Pantaleo akaiacha ipumzike kidogo, akaiwasha, akasikiliza huku na huku, akaizima.

"Injini nzima kabisa. Inacheka kama cherehani mpya. Tungoje saa nane."

"Una wazimu?" Mzee Eliakimu akaruka. Siku hizo, Jumapili ikifika saa nane mchana, gari za watu zilikuwa marufuku barabarani, kubana mafuta. "Nitakamatwa!"

"Gari lililosimama halina kosa, mzee. Nataka mji unyamaze."

Na kweli mji ukanyamaza, kidogo kidogo, kama mtoto anayebembelezwa. Honi ya mwisho ikapotea upande wa Kivukoni. Lami ikabaki nyeupe kwa jua, na majumba yakawa kama yanaelea, yamefungwa kwa uzi mmoja tu yasipeperuke. Nilisikia mawingu yakisuguana. Pantaleo alizunguka gari polepole, mwiko mlangoni, mwiko kwenye paa, mwiko kwenye buti. Akasimama.

"Mama, njoo usikilize."

Nikaweka sikio. Siiii. Sauti nyembamba, kama kichanga anayenyonya usingizini.

"Injini imezimwa," nikasema, "sasa nani ananyonya?"

Akafungua kijilango cha kujazia petroli. Funiko la tangi lilikuwa limezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, tabaka juu ya tabaka, na chini yake nta ya mshumaa.

"Mzee, nani kafanya hivi?"

Mwenyekiti akaangalia viatu vyake vya kanisani. "Mimi. Wezi wa petroli walikuwa wananimaliza."

"Na mafundi wako hukuwaambia?"

"Niwaambie wale? Si ningekuwa nimewaonyesha pa kuibia!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Mzee wangu," Pantaleo akasema taratibu, "funiko hili lina kitundu cha hewa. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie. Umeliziba gari pua, halafu unalikanyaga likimbie."

Akakata mpira, akafungua. Fyuuuuu! Gari likavuta pumzi ndefu, likavuta na ncha ya kanga yangu, na shomoro aliyekuwa anapita akarudi kinyumenyume. Nilimwona.

"Nitajuaje imepona?" Mzee Eliakimu akauliza. "Saa nane imepita."

"Kesho asubuhi utajua. Leo tusukume."

Wakasukuma mpaka kwake, mwenyekiti na tai yake, fundi na ovaroli yake. Mimi nikashika usukani kwa mara ya kwanza maishani, nikielea katika lile jiji tupu kama malkia anayeota.

Jumatatu lori likaja kabla ya Pijo. Mkaguzi akamshika Pantaleo shati.

"Kitambulisho, ndugu."

"Kinakuja."

"Kinakuja kutoka wapi?"

Pantaleo akaegemeza mwiko kwenye nguzo ya chuma ya kibanda, akafumba macho. "Kiko Mnazi Mmoja. Gia ya tatu. Inachanganya vizuri."

Wakacheka sana, wakaanza kumvuta. Alikuwa na mguu mmoja ndani ya lori wakati Pijo ilipokata kona, bila kukohoa hata mara moja, na Mzee Eliakimu akipunga karatasi ya ushirika dirishani.

"Fundi wetu huyo! Mshusheni!"

Mkaguzi akasoma mara mbili, akaachia shati, akabaki na grisi vidoleni. Kwa aibu akaagiza uji.

Nikamkorogea kwa mwiko uleule. Kuuosha sikuuosha.