Baba Mdogo Kaandikwa Marehemu

Leo nimemuua baba mdogo kwa amri moja ya kompyuta.

Ngoja nieleze.

Baba yangu, kule Mugango, ana orodha ya ukoo kwenye Excel: jina, kijiji, hai au marehemu. Mimi nina kaprogramu kanakoendeshwa kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Unakapa faili la Excel, kanakutolea ukurasa wa mtandaoni. Kufumba na kufumbua, ukoo mzima uko hewani!

Nikatupa linki kwenye grupu la familia, nikasubiri pongezi.

Wa kwanza kuandika ni baba mdogo wa Bugwema:

"Mwanangu, mbona mimi ni marehemu?"

Nikajua programu imechanganya mistari. Nikafungua Excel. Wapi! Baba kaandika mwenyewe, tena kwa herufi kubwa: MAREHEMU.

Nikampigia. "Baba, hapa kwa baba mdogo ulikosea?"

"Sijakosea. Alikuwaga mdogo wangu. Mama yetu amekufa, hakuja kuzika, na alikuwa hapo Bugwema tu. Tena weka na tarehe: siku tuliyomzika mama."

Nimeweka. Ndiyo, nimeweka. Amri ile ile, ukurasa mpya.

Nikatupa linki tena kwenye grupu. Baba mdogo anaandika... anaacha... anaandika...

Shangazi wa Kabasa akamuwahi: "Apumzike kwa amani."

Wengine wakafuata. Amina. Amina. Amina.

Nyie mngeandika nini?

Mimi nimeandika Amina.