Kadi ya Rock ya Tonton

Tonton, mukubwa wa papa, alikuwa anaishi na sisi ku Evere, mu Bruxelles. Toka Bukavu alikuwa amebeba disque moja tu ya muziki ya rock. Mashine ya kuichezesha hatukukuwa nayo, donc alikuwa anasoma maandishi ya mufuko wake wa kartoni.

Nyuma ya ule mufuko kulikuwa publicité, tangazo ya kilabu: kijana wa nywele za mafuta anarusha muguu na guitare yake, na maneno ya kuita vijana: Kata kuponi, tuma, utapata kadi ya kilabu yetu ya rock. Chini, adresse ya Bruxelles, ku Forest. Pahali pa kuponi palibakia kitundu. Tonton aliikata kule Bukavu akiwa na miaka kumi na tano, akatuma, kadi haikufika. Alikuwa anasema ile compagnie ilikuwa ya bantu ba maana, posta njo ilikuwa mubaya.

Miye nilikuwa na miaka kumi na tisa, masomo ya primaire tu mu kichwa lakini mudomo ya avocat wa korti. Muntu akiteleza ku ngazi, miye njo wa kwanza kucheka. Bon, nikaenda ku cyber, nikaandika barua sawa vile inatoka ku ile kilabu: "Cher jeune ami, rafiki yetu kijana, tunaomba pardon ya kuchelewa. Kadi yako iko tayari. Kuya jumamosi." Juu nikachora guitare, nikaitia mu boîte yetu ya barua. Timbre ya posta hakuna. Nilifikiri ataona mara moja, anipige kofi ya shingo, tucheke wote.

Alisoma amesimama, koti ingali mwilini. Kisha akaomba maman amupigie shati pasi.

Jumamosi akavaa cravate ya shingoni, akapangusa viatu vya ncha, akatia disque mu sachet ya plastiki. Ku mulango nikamuambia:

"Tonton, labda balihama."

"Muntu mwenye kuhama hakuiti kwake, mutoto yangu."

Nikamufuata na tram, nimejificha nyuma. Ile adresse ilikuwa garage ya mipira ya magari. Tonton akavua kofia, akaonyesha barua. Fundi moja akaita mwenzake, bakaisoma pamoja. Mwenzake akageuka ukuta, mabega inamutetemeka. Kile kicheko nilikijua, kilikuwa changu. Tonton akakunja barua polepole, akabaki ku trottoir, kando ya barabara, anaangalia numéro ya nyumba.

Mangaribi, ku meza, maman akauliza.

"Balinipokea muzuri," Tonton akasema. "Hata kiti balinipatia. Kadi batatuma ku posta."

Miye mwenye jibu ya kila kitu, nikamusogezea sahani ya fufu.

Ile juma nikatengeneza kadi ya kweli, na kartoni na rangi. Ilitosha mu kile kitundu sawasawa. Nikaipasula, kwa sababu ingekuwa kumucheka mara ya pili.

Jumapili maman akauliza tena kama kadi ilifika. Tonton akaendelea kutafuna. Ile njo ilikuwa saa yangu ya kusema.

"Posta ya hapa, maman," nikasema. "Nayo ni mubaya."

Tonton akaniambia aksanti.