Nilivyokuta kaseti ya marehemu baba inauzwa mtandaoni

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, hakuna cha "rafiki yangu" wala "jirani yetu". Majina tu nimebadilisha, maana mama bado yupo na watu wa mtaani kwetu humu wamejaa. Atakayeona ni chai asogeze kikombe anywe, sitabishana na mtu.

Mimi ni mwanamke, fundi cherehani hapa Kahama. Kazi yangu ni ya kukaa kutwa, kwa hiyo nimezoea redio. Ninayo moja ya zamani ya kaseti, na ugonjwa wangu ni kutafuta kaseti na vitabu vya mitumba mtandaoni. Kuna magroup ya kuuziana vitu, humo utakuta kabati, mbuzi, simu iliyopasuka kioo, halafu katikati yake mtu ameweka rundo la vitabu na kaseti za kwaya, za dansi, za taarabu. Napenda kupekua tu hata kama sinunui. Wenzangu hupekua umbea, mimi hupekua hayo.

Siku hiyo nikakutana na tangazo la jamaa wa Runzewe. "Mzigo mchanganyiko, vitabu na kaseti, bei maelewano, zote zinaongea." Kuthibitisha kwamba zinaongea akaweka video. Anachomeka kaseti, inalia kidogo, anatoa, anachomeka nyingine.

Ya kwanza kwaya. Ya pili dansi.

Ya tatu ni baba yangu.

Wakuu, mguu uliganda kwenye cherehani. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi. Alikuwa mwimbaji wa ngoma, wale wa mashindano ya baada ya mavuno, na kabla ya kuanza wimbo alikuwa na kikohozi chake kisha anacheka kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo. Nilisikia kikohozi, nikasikia kicheko, halafu sauti.

Sasa nieleze kwa nini niliogopa badala ya kufurahi.

Kaseti ile ilikuwa moja tu duniani. Jirani alimrekodi baba kwenye mashindano, akatupatia. Baba alipofariki ilibaki kwa kaka yangu mkubwa, nitamwita Luhende. Luhende alikuwa mtu wa vitabu, anasoma mpaka karatasi iliyofungiwa maandazi, lakini shule ilimkatikia njiani na akaenda kuchimba dhahabu kama vijana wengi wa huku. Aliondoka na mfuko wa vitabu vyake, redio ndogo na kaseti ya baba. Mama alimkatalia kaseti. Luhende akamwambia, "Mayu, mama yangu, hii nitairudisha mwenyewe kwa mkono wangu."

Mwanzoni alikuwa anapiga simu. Halafu namba ikawa haipatikani, na haikupatikana tena miaka yote.

Kabla hamjauliza: ndiyo, polisi tulienda. Hospitali tulienda. Geita tulizunguka machimbo mpaka viatu vikaisha, kwa sababu mara ya mwisho alituambia yuko Geita. Mganga naye tulienda, akala mbuzi wetu, akasema kijana yu hai na ana mke. Mganga huyo nikikutana naye leo sijui nitamfanya nini.

Mama alimwamini. Kila jioni alikuwa anapakua chakula cha Luhende, anafunika sahani, asubuhi anakitoa. Ndugu walipomwambia tuweke matanga, akawajibu kwamba matanga hayawekwi kwa mtu anayepumua. Mtaa mzima wakachoka kumshauri, na mimi nikachoka pia.

Kwa hiyo mnaelewa. Kaka yangu asingeuza kaseti ile kwa njaa wala kwa ulevi. Kuiona sokoni, ama ameibiwa, ama hayupo.

Nikaenda inbox ya yule muuzaji. Nikamuuliza ya tatu ni ya nani.

"Ya Kisukuma hiyo dada, siijui, haina hata karatasi. Ila mzigo nauza wote, sigawi."

Sikumwambia mama kitu. Asubuhi nikapanda gari la Runzewe.

Muuzaji tumwite Baba Zulfa. Ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi. Alinimwagia mfuko wote juu ya meza, na kabla sijagusa kaseti nikaona kamusi. Kamusi ya shule iliyoliwa na mchwa pembeni, na mchwa hao waliila nyumbani kwetu, mimi mwenyewe ndiye niliyeipangusa.

Nikalia pale pale. Baba Zulfa, Mungu ambariki, alifunga kibanda chake na mteja yupo nje.

"Dada yangu, mimi nimenunua kwa halali. Nimeuziwa na mama mmoja anapikia wachimbaji. Twende, yuko hapa hapa porini, utamuuliza mwenyewe."

Tukapanda bodaboda. Mama huyo, nitamwita Mama Rehema, ni Mha wa kule Kibondo, tulimkuta anasonga ugali wa watu wengi. Baba Zulfa akasema, "Mama, huyu dada ameitambua ile kaseti." Mama Rehema akaacha mwiko ndani ya sufuria. Akaniangalia usoni muda mrefu.

"Umefanana naye macho. Wewe ni nani wa Ticha?"

Huko machimboni, kwa wasiofahamu, mtu hana jina. Kuna Kigoma, kuna Babu, kuna Musoma, kuna Mbeya. Mnakula sahani moja mwaka mzima na hujui baba yake anaitwaje. Kuulizana sana si adabu, kila mtu amekimbia kitu chake. Kaka yangu kwa sababu ya vitabu alikuwa Ticha. Luhende hakuna aliyemjua.

Mama Rehema alinieleza akiwa amenishika mkono. Mvua zilikuwa zimenyesha sana. Duara, yaani shimo lenyewe wanaloshuka, lilititia asubuhi watu wakiwa chini. Wenzake walitoka. Ticha walimfukua jioni, na simu yake haikupatikana tena. Kitambulisho hakuwa nacho.

"Polisi walikuja, mwenyekiti alikuja. Wakatuuliza huyu kwao wapi, tukatazamana tu," akasema. "Wengine walitaka tumzike hapa hapa. Wenzake wakakataa. Walisema Ticha ametusomea dawa, ametusomea mikataba, hawezi kuzikwa porini kama mbwa. Lazima afike kwao."

Sasa hapa ndipo naomba mnisome taratibu.

Wakakumbuka kaseti. Ticha alikuwa anaisikiliza kila jioni na aliwaambia aliyeimba ni baba yake. Wakasema, tuisikilize, mzee huenda amejitaja anakotoka. Timu yenyewe ilikuwa ya watu wa Kigoma, Mara na Singida, Msukuma alikuwa marehemu peke yake. Aliyejua Kisukuma kidogo ni Mama Rehema, Kisukuma cha sokoni, cha kuuliza bei ya dagaa.

Akasikiliza. Baba anaimba, "Kharumwa kaya yane." Kharumwa ni nyumbani kwangu. Anarudia na kurudia, nimezunguka kote lakini moyo wangu umelala Kharumwa.

Wakuu, Wasukuma wenzangu mlio humu mmeshaelewa.

Kwa wengine: mwimbaji akialikwa ugenini kwenye mashindano, kitu cha kwanza ni kujifanya mwenyeji. Anausifu mji wa watu, anauita kwao, anasema amezaliwa hapo, ili umati umwegemee. Ni utani, ni ufundi wa kazi. Kesho akienda kijiji kingine, nako ni kwao. Baba yangu amezaliwa katika nusu ya vijiji vya Usukuma kwa nyimbo zake. Sisi watoto tulikuwa tunacheka.

Lakini Mama Rehema angejuaje? Alisikia mtu anataja kwao, akawatafsiria wenzake kwa moyo safi.

Wakachanga, wakakodi gari, wakambeba kaka yangu mpaka Kharumwa. Kaseti waliiacha kambini, ndani ya mfuko, na mfuko Mama Rehema akautundika kwenye kibanda chake kusubiri ndugu. Ndiyo desturi yao, mfuko wa marehemu hauguswi. Ulitundikwa miaka. Dhahabu ilipoisha pale na kambi ikahama, hakuweza kubeba kila kitu. Nguo za Ticha alizichoma, hakutaka zivaliwe na mtu. Vitabu na kaseti akaona si dhambi vikisomwa.

"Nisamehe mwanangu," akaniambia. "Nilidhani nimemfikisha kwa mama yake."

Sikuwa na la kusamehe. Nilimkumbatia, na ugali wake ukaungua.

Nilirudi Kahama na kaseti. Baba Zulfa aliniachia mzigo wote, akakataa hata nauli ya boda. Jioni mama alikuwa anapakua, akafunika ile sahani. Nikasema, "Mayu, kaa kwanza." Aliiona kaseti mkononi mwangu. Alikaa chini, akaniambia tu, "Alisema ataileta mwenyewe."

Hakulia usiku ule. Mimi ndiye niliyelia.

Tukaenda Kharumwa, mimi na yeye. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa akikumbuka vizuri. Alisema gari lilifika na vijana wamejaa vumbi, wakamwambia tumemleta mtoto wenu. Wakafungua jeneza, watu wakapita mmoja mmoja, hakuna aliyemtambua.

"Lakini mama, tungemkataaje? Wameshasema ni wa hapa. Tukasema labda ni wa ukoo uliohama. Tukamzika kama wetu, wanawake walilia, tukalala matanga."

Mama akamshukuru kwa adabu zote. Mimi nikamwonyesha ile kaseti, nikamweleza. Mzee akashika kichwa.

"Kumbe ndiyo hiyo iliyowaleta huku? Wangeniletea siku ile, ningesikia mstari mmoja tu nikaijua lafudhi. Ningewaambia huyu ni mgeni, mwimbaji wa upande wa Kahama, mrudisheni huko."

Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Mfuko mmoja tu wangeupakia kwenye lile gari.

Kaburi lilikuwa na mti uliochomekwa, halikuwa na jina. Wamelitunza, limefyekwa. Mama alikaa pembeni yake kwenye majani akaniambia niwashe redio. Nikawasha. Kikohozi, kicheko, halafu baba akaanza. Mama alikuwa ametulia kabisa, hata nikadhani inamfariji. Ilipofika "Kharumwa kaya yane" akanyoosha mkono.

"Zima, ng'wanawane. Zima, mwanangu."

Nikazima.

"Baba yako alikuwa anawatania tu," akasema. "Alikuwa anawatania."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu mzima, mpaka wanawake wa nyumba za jirani wakaja, wale wale waliomlilia mwanawe bila kumjua. Wakakaa naye chini wakalia tena.

Ndugu wanataka tumhamishe, mama bado hajasema. Jina tumeshaandika, na kitu hicho peke yake kilinipa usingizi wa siku moja mbili.

Funzo langu, kama nina haki ya kutoa funzo: ewe uliye machimboni, utani wa majina uendelee, lakini mwambie mwenzako mmoja tu jina lako kamili na kijiji chako. Mmoja anatosha. Na kama ndugu yako yuko huko, usiridhike na kujua yuko "Geita". Kaka yangu alitwambia Geita, akafia Runzewe wilaya ya Bukombe, akazikwa Kharumwa wilaya ya Nyang'hwale, na sisi tuko Kahama tunamsubiri.

Bado napekua yale matangazo. Zamani nilikuwa natafuta muziki. Siku hizi nikiona rundo la vitabu na kaseti nauliza mfuko umetoka wapi, wauzaji wengine wananitukana.

Kwa hiyo naomba mchango wenu wakuu, na si pole. Kama umenunua kitabu cha mitumba chenye jina la mtu ndani, au una kaseti ya sauti usiyoijua, weka picha au sauti hapa chini na useme uliipata wapi. Humu tuko wengi, mtu anaweza kutambua.

Mama siku hizi anapakua sahani mbili tu, yake na yangu. Ya tatu ameiosha, ameiweka juu ya kabati, na hataki mtu aitumie.