Kawira na Mkwe Asiyemtaka

Kawira alikuwa Mmeru asiyejua kumeza neno. Mwaka ule wa korona, mtaa wao wa Liverpool, jijini Sydney, Australia, ulipofungiwa kama zizi, yeye alikuwa na ruhusa ya kutoka, kwa kuwa alimhudumia ajuza mmoja wa Kiyahudi upande wa baharini wa jiji hilo. Mwanawe wa pekee, Mutuma, miaka kumi na saba, ndiye aliyempeleka kwa gari.

Ijumaa moja alichungulia dirishani akamwona Mutuma na Noa, mjukuu wa kike wa yule ajuza, wameegemea gari, barakoa zimeshuka kidevuni, wanacheka. Kawira akachemka. Mwana amelelewa kwaya ya kanisa, leo anachekeana na watu wasiomtambua hata Yesu.

Noa alipoingia jikoni kupanga mishumaa ya Sabato, Kawira akamvaa. "Wewe, achana na mwanangu."

"Kawira, sisi ni marafiki tu." Mtoto wa jana, na anakuita jina kavu kavu, hata shangazi haweki. "Mimi siwezi kuwa na mvulana asiye Myahudi. Wenzangu wengine shuleni hawajali. Mimi najali, na Mutuma nilimwambia mapema."

Hapo mtu mwenye akili angemshukuru Mungu, akaendelea kukoroga supu. Lakini lile "siwezi" lilimkwama Kawira kooni.

"Kwani mwanangu ana kasoro gani?"

"Hana. Nataka tu nyumba ya Kiyahudi."

"Na akikuoa? Kwetu Meru binti wa kwanza huitwa jina la mama wa mume. Angeitwa Kawira. Hilo nalo ungekataa?"

Noa akaweka kiberiti chini. "Kwetu hatumpi mtoto jina la jamaa aliye hai. Ni kama kumwombea kifo."

"Kumbe mpaka nife."

"Nani amezungumzia watoto?" Noa akauliza, akatoka.

Jioni, garini, Mutuma hakuwasha injini. Noa alikuwa ameshamtumia ujumbe. "Mum, ulienda kuniposea?"

"Nilienda kuwatenganisha, mjinga wewe."

"Kwa kutaja majina ya wajukuu? Sasa hataki hata salamu yangu."

"Afadhali. Ana kiburi yule."

"Tangu shule zifungwe sijaongea na mtu mwingine, Mum. Ni yeye tu."

Kawira akafunga mkanda.

Ijumaa iliyofuata Mutuma hakutoka kitandani. Kawira akapanda treni peke yake, akimtukana Noa kimoyomoyo kituo hadi kituo, na hakujua kinachomuuma zaidi ni kukataliwa kwa Mutuma au kwake mwenyewe.