Kanda Ambayo Oktavia Hakuipiga

Ukitaka kujua kama album fulani ni muziki au ni kelele, usiwaulize watangazaji wa redio, maana wale hata debe likianguka watalisifia. Nenda Mjimwema, hapa Njombe mjini, uulizie nyumba ya mama anayefuma masweta ya shule. Huyo ni Oktavia, shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu Steven. Amesikiliza muziki wa kila aina aliouruhusu Mungu, na mwingine ambao Mungu mwenyewe akiulizwa atakana. Na kabla hujaanza kumsifu, elewa kwamba muziki wote huo niliupeleka mimi.

Mimi shule niliishia darasa la saba, tena hilo la saba niliingia mguu mmoja, mwingine ukabaki nje ukisubiri lori. Nimeendesha malori ya mbao mpaka usukani ukanizoea mikono. Na Makambako, kama hujafika, ni njia panda: wa Zambia anapita, wa Dar anapita, wa Songea anapita, wote wanashuka kula pale. Kila dereva alikuwa na kanda zake kwenye gari, na kila dereva alikuwa na udhaifu. Wa kwanza anapenda ulanzi, ile pombe ya mianzi, wa pili anapenda kusifiwa gari lake. Mimi kwa maneno tu nilikuwa naondoka na kanda mbili mfukoni, na mwenyewe ananishukuru.

Oktavia ni mtoto wa Wakatoliki wa upande wa misheni. Akaolewa kwetu, kwa Walutheri. Baba yake alinuna wee, lakini Steven alikuwa na besi ya kwaya ambayo ukiisikia kifuani kwako unadhani ni moyo wako umebadili mwendo. Binti akahama kanisa. Walikaa kidogo tu. Steven alikuwa mpasua mbao kule Matembwe, na siku moja mti waliokuwa wanaukata uligeukia upande ambao hakuna aliyeutarajia. Rejoice, binti yao, alikuwa bado ananyonya.

Tulimzika. Kwaya yake ikamwimbia kaburini. Baada ya matanga, wageni walipoondoka, nilimkuta shemeji amekaa kwenye mashine yake ya kufumia, nyumba kimya, mtoto mgongoni.

"Kamwene, shemeji," nikamsalimu.

"Kamwene. Shemeji, niletee kitu cha kusikiliza. Chochote. Kisiwe kwaya."

Basi nikaanza kuleta. Watu wakasema natafuta kumrithi mke wa marehemu. Niliwaambia ningetaka kurithi ningerithi ile mashine, angalau haisemi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona ule ukimya unammaliza.

Alikuwa hasikilizi kama mimi na wewe, wimbo mmoja huku unaongea. Anaweka upande wa kwanza, anafuma mpaka unakwisha, anageuza. Ndipo anatoa hukumu. Rumba ya kwanza niliyomletea kutoka kwa dereva wa Kikongo aliisikiliza mpaka mwisho akasema, "Haya magitaa ni wanawake wawili wanachambua maharage. Hakuna anayemsubiri mwenzake, na hakuna anayemkata mwenzake kauli." Taarabu ya Unguja: "Huyu mama anagombana na mtu ambaye hayumo chumbani. Nyimbo nne tu, lakini nimemaliza mgongo wa sweta na mikono yote." Rege ya Jamaika ilimtuliza. Alisema yule mtu anatembea kama aliyebeba ndoo ya maji kichwani, hata akifukuzwa hakimbii. Mzungu mmoja wa misheni alinipa album ya ala za kwao, vinanda na matarumbeta mia, Oktavia akasikiliza pande zote mbili kwa heshima, akasema, "Harusi kubwa sana hii, shemeji. Ila bibi harusi sijamwona." Bongo Fleva ilipoingia nikamletea CD ya kijana aliyekuwa anatamba nchi nzima. "Wimbo wa kwanza mtamu. Wa pili ni ule wa kwanza amebadili kofia. Wa tatu kakopa koti." Na kuna yule Mmarekani wa magitaa ya kulia, anayeimba habari za farasi. Huyo alimpenda kuliko wote, sijui kwa nini. Alisema Kiingereza chake hakijui, lakini mtu yule anajua kufiwa bila kupiga kelele.

Mara moja tu nilikosea. Nilileta kanda ya wanaume wa Afrika Kusini wanaoimba bila ala, sauti zimepangwa kama mbao ghalani, besi chini kabisa zinanguruma taratibu. Nikaibonyeza kwa mbwembwe. Haikufika nusu ya wimbo.

"Toa, shemeji."

"Subiri, kinakuja kipande—"

"Nimesema toa."

Akainuka, akaenda nje, akakaa kwenye ukungu ule wa Juni bila hata khanga. Sikurudia.

Miaka ikaenda. Rejoice akawa muuguzi Makambako, akapata mchumba, kijana wa Mahongole anaitwa Lenard, mpole, anaogopa hata kuku. Mahari ikatolewa, sendofu ikapangwa. Kwa desturi yetu, siku ya kumuaga binti baba ndiye anayesimama kusema neno, na kama baba hayupo anasimama baba mkubwa, yaani mimi, mtu mwenye maneno ya kutosha wilaya nzima. Nilikuwa sebuleni kwa Oktavia nikijisifia hotuba yangu, Rejoice akaniuliza:

"Baba mkubwa, kwani baba alikuwa anaongeaje?"

"Alikuwa na sauti nzito. Hivi." Nikatoa sauti ya chini kabisa niliyo nayo.

Oktavia akasimamisha mashine. "Usimdanganye mtoto. Hiyo ni ng'ombe aliyekosa chumvi."

Rejoice hakucheka. Alisema polepole, kwa mama yake, "Picha ninazo. Sauti sina. Naondoka nyumbani kwa baba ambaye sijawahi kumsikia hata akisema hodi."

Shemeji akakata uzi kwenye mashine. Halafu akasema jambo ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau.

"Yupo kwenye album ya kwaya. Upande wa pili, wimbo wa mwisho, mwisho kabisa."

Ilikuwa hivi. Mwaka mmoja kabla ya kifo, kwaya yetu ilipanda lori langu ikaenda kurekodi Makambako. Mwalimu wa kwaya alikuwa Mwalimu Edward, mkali, na sheria yake kuu ilikuwa hii: hakuna sauti itakayotokeza. Kwaya ni mtu mmoja. Mkono wake ukifunga, midomo yote ifunge. Watu arobaini walikuwa wananyamaza kama mlango umefungwa. Lakini Steven akikolea alikuwa anafumba macho, na aliyefumba macho haoni mkono. Kwenye wimbo wa mwisho wote wakanyamaza, yeye akabaki. Peke yake, pumzi moja, ndipo akashtuka. Mwalimu Edward aling'aka, akataka warudie, umeme ukakatika. Umeme wa enzi zile ukikatika unaenda kulala kwao. Kosa likabaki kwenye kanda.

"Na siku ya kaburi," Oktavia akasema, "waliimba wimbo huohuo. Mwalimu akafunga mkono. Wakanyamaza wote pamoja, safi. Hakubaki mtu. Ndipo nikajua kweli amekufa."

Hakuwahi kuipiga kanda ile tena.

Rejoice alikuwa ameshachukua simu. Wimbo ule kila mtu anao, unapigwa kwenye misiba yote ya Njombe, hata yeye alikuwa nao siku zote. Akausogeza mpaka mwisho. Kwaya ikanyamaza. Kimya. Akarudia. Kimya. Akamtazama mama yake, na mama yake akainuka kwenye mashine.

Nikaelewa mimi, mjanja wa barabara. Yule aliyehamisha zile kanda kwenda kwenye kompyuta, kijana wa watu, sitamtaja, alikata mikia ya nyimbo zote ili zifuatane vizuri. Alikuwa anasafisha. Alimfagia Steven pamoja na mavumbi.

Kanda yenyewe ilikuwa ndani ya kopo chini ya madonge ya nyuzi. Baridi na unyevu wa Njombe vilikuwa vimeila: utepe umeshikana, una ukungu mweupe. Hatukuthubutu kuitia kwenye redio. Asubuhi iliyofuata tukapanda gari kwenda Makambako, kwa Marcelino, fundi wa redio, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Aliifungua kanda kama daktari, akaufuta ule utepe kwa pamba, kipande kwa kipande, akauhamishia kwenye ganda jingine.

"Mama, nakwambia ukweli," akasema. "Huu unaweza kupita mara moja, ukakatika. Tunaurekodi unapopita. Ukikatika kabla ya mwisho, basi."

"Na ukirekodi usisafishe chochote," Oktavia akasema.

"Utakuwa na mikwaruzo."

"Iache."

Akabonyeza. Wimbo ulianza mbali, kama watu wanaimba ng'ambo ya bonde. Mara unapanda, mara unazama. Katikati utepe ulilia, Marcelino akainua kidole asimamishe, kisha akauacha. Mimi nilikuwa na neno la kusema, nikalimeza. Ubeti wa mwisho ukaja. Kwaya ikafika mwisho wake, ikanyamaza.

Mmoja akabaki.

Ilikuwa pumzi moja. Halafu akashtuka, ukasikia hata mshtuko, hewa ikiingia kinywani. Halafu mkwaruzo mtupu. Utepe haukukatika.

Oktavia alikuwa amefumba macho. Mikono yake imeshika ukingo wa meza ya fundi, vidole vinakwenda na kurudi kama yuko kwenye mashine.

Rejoice alikuwa wa kwanza kusema. "Mbona ni kijana?"

"Alikuwa kijana, mwanangu."

"Nilidhani atakuwa na sauti ya mzee. Kama baba mkubwa." Akatikisa kichwa. "Huyu ni mdogo kuliko Lenard."

Marcelino alivua miwani, akaanza kuifuta kwa ile pamba chafu. Akauliza kama arudie kile kipande cha mwisho, sasa kiko kwenye kompyuta, hakiwezi kupotea.

"Hapana," Rejoice akasema. "Weka kuanzia mwanzo."

"Wimbo wote?"

"Wote. Nataka kumsikia akiwa na wenzake."

Akavuta kigoda karibu na spika, akainamisha kichwa, akafumba macho. Kwaya ikaanza tena, sauti arobaini zilizofundishwa zisitambulikane. Ubeti wa kwanza ukapita, uso wake umekunjamana. Ubeti wa pili ukaanza kutoka chini, kwa besi, na nikamwona anainua mkono polepole, kidole kimenyooka kuelekea kwenye spika.

"Huyo," akasema. "Mama, huyo hapo." Kisha, bila kufungua macho, "Na huyo tena."