Ungo Ndani ya Banda la Mpira

Ungo wa mama yangu bado unanuka maganda ya kahawa, utamu uliochachuka. Leo asubuhi nimeufuta vumbi, nikaliona tena akilini banda letu la mpira, mabenchi yake ya mbao na televisheni moja.

Msimu mmoja wa kuchuma, nikiwa mtoto, serikali ya kijiji ilipiga marufuku kuonyesha mechi Jumamosi na Jumapili mchana. Mwenyekiti alisema watu wanakaa bure kwenye mpira huku kahawa inaoza. Mwenye banda alikuwa mama. Hakwenda ofisini kubembeleza. Alipita nyumba kwa nyumba: "Asubuhi chumeni, mchana njooni mchambulie kwangu."

Jumamosi wakaja na vikapu na nyungo. Macho yalikuwa kwenye mpira, vidole vikitenga kahawa mbichi na mbivu. Nilikaa chini katikati ya miguu yao, viganja vinanata. Goli likiingia, kahawa ziliruka hadi kwenye bati.

Mwenyekiti akatokea mlangoni, mgambo nyuma yake. "Mama, zima hiyo televisheni!"

"Shikamoo, mwenyekiti," mama akasema bila kuinuka. "Umekataza watu kukaa bure. Haya, tazama mwenyewe. Humu ndani wasio na kazi mkononi ni wewe na mgambo wako. Tokeni, au kaeni mchambue."

Mtangazaji wa mpira akaendelea kupaza sauti. Mwenyekiti alitutazama, akaitazama televisheni, akavua kofia.

Ungo aliopewa ni huu.